Kahawa ya shilingi kumi Malindi na mjadala wa Mungu mpaka saa tano usiku

Nyota nne kati ya tano. Ile moja niliyoitoa nitaieleza huko mbele manake inaniuma kweli.

Hii sehemu haina bango wala jina, sie wateja twaita tu kwa ami, ndo huyo muuza kahawa. Ukitoka pale kwenye kikanisa cha Wareno chenye paa la makuti, ufuate barabara ya baharini kuelekea mji wa kale, bahari iwe mkono wako wa kulia, kabla hujafika msikiti wa Juma wenye yale makaburi ya nguzo utaona mwarobaini mkubwa, chini yake mabenchi mawili ya mbao na jiko la makaa, na juu ya jiko dele la shaba. Anaanza baada ya magharibi na anafunga kahawa ikiisha, hana saa maalum, kwa hivo usije umechelewa ukategemea kupata.

Kahawa yenyewe ni chungu, haitiwi sukari, ina tangawizi ya kutosha kukuamsha kichwa. Buni anakaanga mwenyewe mchana nyumbani kwake na anaitwanga kwa kinu, ukikaa upande wa upepo unasikia harufu kabla hujamuona. Kikombe shilingi kumi, kashata ya nazi kumi, ya njugu kumi, yaani vikombe vitatu na kashata mbili umetumia hamsini na umekaa masaa matatu bila mtu kukuangalia vibaya. Malindi hii ya Wataliano haikosi kahawa nzuri ya mashine, na mie nainywa nikiwa na pesa, lakini kuna mkahawa mmoja upande huo nilikaa na rafiki yangu tukawa tunabishana mambo ya dini kwa sauti ya kawaida tu, akaja mhudumu akatuambia tubadilishe mada au tulipe tuondoke. Tukalipa tukaondoka. Kwa ami ukinyamaza ndo anakuuliza kama unaumwa.

Usafi ni wa wastani. Vikombe anavisuuza kwenye ndoo mbili, ya kwanza ya sabuni ya pili ya maji safi, ila usiku ukienda yale maji ya pili yanachoka, na nilipomwambia hakukasirika, aliyamwaga akachota mengine hapohapo. Choo hakuna. Mbu wapo.

Sasa niseme kilichonifanya niandike. Alhamisi moja nilifika nikakuta watu kama saba, ustadhi anayefundisha madrasa, mwalimu mstaafu Mkatoliki ambaye sote twamwita Mwalimu tu, mzee mmoja fundi wa majahazi, kijana wa boda na wengine. Mie kwa kupiga soga nikasema, jamani mwajua hii kahawa tunayokunywa ilishawahi kupigwa marufuku Makka? Kijana wa boda akacheka akasema naleta uongo. Ustadhi akaweka kikombe chini akasema, hapana, kweli kasema. Akaeleza yeye mwenyewe kuliko ambavyo mie ningeweza, kwamba mwaka 1511 afisa mmoja wa watawala wa Misri jina lake Khair Beg aliwaona watu wamekusanyika usiku wanakunywa kahawa, akawaita wanazuoni, ikatoka hukumu kwamba kahawa haifai, na kumbe walioieneza Yemen walikuwa masufi, wale Waislamu wa njia ya kiroho, waliokuwa wakiinywa ili wasisinzie kwenye dhikri. Kisha Cairo hawakulikubali katazo lote, wakabana zaidi ile mikusanyiko, na leo ni kinywaji cha kila matanga na kila harusi pwani nzima.

Mwalimu akauliza swali ambalo ndo lilituweka pale mpaka saa tano. Je, dini ilibadilika, au watu walikosea tangu mwanzo?

Ustadhi akasema dini haibadiliki, fatwa, yaani hukumu wanayotoa wanazuoni, ndo hubadilika. Nikadhani hiyo ni ile njia ya kukwepa, lakini akaendelea, akasema nyinyi mnaona sisi ni watu wa jiwe, hali ya kuwa Imamu Shafii tunayemfuata hapa pwani alikuwa na kauli zake za zamani alipokuwa Baghdad na kauli mpya alipohamia Misri, na madhehebu yetu kwa kiasi kikubwa yanafuata hizo mpya. Alifariki huko Misri mwaka 820, yaani zaidi ya miaka elfu moja na mia mbili iliyopita mtu mkubwa kama yule aliweza kusema jana nilisema hivi, leo nasema vile. Mie hilo nilikuwa silijui na lilinigusa sana, manake sijawahi kulisikia likisemwa kwa fahari, kila siku tunasikia tu hukumu bila kuambiwa hukumu ilipita njia gani.

Mwalimu naye akaleta ya kwake. Kanisa lilimhukumu Galileo, yule mwanasayansi wa nyota, mwaka 1633 kwa kusema dunia ndo inayozunguka jua, akafungiwa nyumbani hadi kufa, na ilikuwa 1992 ndipo Papa Yohane Paulo wa Pili aliposimama akakiri kwamba wale waliomhukumu walikosea. Miaka 359. Halafu akasema yeye mwenyewe utotoni alisikia misa kwa Kilatini haelewi neno, padri kawapa mgongo, ukaja mtaguso wa pili wa Vatikani, ule mkutano mkuu wa maaskofu wa 1962 hadi 1965, na baada yake akaanza kusali kwa Kiswahili, na bibi yake alilia siku ya kwanza aliposikia Mungu anaongeleshwa kwa lugha yake. Juzijuzi tu, 2018, Papa Fransisko alibadilisha katekisimu, kile kitabu cha mafundisho ya Kanisa, sasa inasema adhabu ya kifo haikubaliki, hali ya kuwa zamani iliruhusiwa.

Ustadhi akamwambia, basi nyinyi mnabadili kitabu. Mwalimu akajibu, Injili hatujaigusa, tulichobadili ni namna ya kuisoma. Wakaangaliana. Ami akawaongezea kahawa wote wawili na akasema, mbona mwasema kitu kimoja.

Hapo kijana wa boda akawashika pabaya. Akauliza, mbona kila siku mnabadilika mkiwa mshaachwa nyuma? Utumwa je? Akasema huku kwetu mashamba ya mtama na ufuta ya Malindi yalilimwa na watumwa, na katika ukoo wao wapo waliolima. Kimya. Mwalimu hakukwepa, akasema mwaka 1452 Papa Nikolasi wa Tano alimpa mfalme wa Ureno ruhusa ya kuwateka Waislamu na wapagani na kuwafanya watumwa wa kudumu, na miaka 46 baadaye meli za Wareno hao hao zikatia nanga hapa. Akaongeza kwa haki kwamba 1537 Papa mwingine aliandika kuwa wenyeji wa bara la Amerika wasifanywe watumwa, lakini tamko la Vatikani la kuzikataa zile nyaraka za kale lilitoka mwezi wa tatu 2023. Ustadhi naye akasema sisi pia hatuna pa kujificha, vitabuni kumuacha huru mtumwa ni thawabu kubwa na tulikuwa tunalisoma hilo kila siku, lakini huku pwani ya Kenya sheria ya kuufuta ilikuja 1907 kwa mkono wa Mwingereza, haikutoka msikitini.

Mie nimekaa barazani nyingi na sijawahi kuona watu wawili wa dini mbili wakikubali kosa namna ile bila kurushiana.

Lakini nataka niseme ninavyoona mie, manake hili nimelifikiria miaka. Taasisi za dini zinafikiri upya, hilo halina ubishi, ushahidi ni huo wa kahawa, wa Galileo, wa misa. Tatizo langu ni kwamba zikishabadilika zinasema ndivyo ilivyokuwa siku zote. Hata hilo tamko la 2023 limeandikwa hivo, kwamba ile fikra ya kuteka nchi za watu si sehemu ya mafundisho ya Kanisa. Sasa wale waliotekwa kwa karatasi zenye muhuri wa Papa waambiwe nini? Bibi yangu mzaa mama alikuwa Mgiriama wa kimila, akimwaga tembo la mnazi kidogo chini kwa ajili ya koma, yaani roho za wahenga, kabla ya kunywa, akimtaja Mulungu kila asubuhi, na wahubiri walimwambia ni ushetani mpaka akaanza kuifanya usiku kwa kujificha. Leo makaya ya Mijikenda, ile misitu mitakatifu ya wazee wetu, yako kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2008 na viongozi wa dini wanakaa meza moja na wazee wa kaya kwenye mikutano ya amani. Ni jambo zuri. Ila bibi alikufa hajasikia mtu akimwambia mama samahani, tulikuvunjia heshima. Hilo tu. Samahani haimalizi dini ya mtu.

Basi nikajikuta nimesema lile ambalo huwa silisemi mbele ya watu. Nikawaambia, jamani mie hata sijui kama Mungu yupo. Sisemi hayupo. Nasema sijui, na sidhani kama kuna binadamu anayeweza kujua.

Kijana wa boda akauliza, sasa huyo si ndo mulhidi? Nikamwambia hapana, mulhidi anakana, mie sikani wala sithibitishi. Kuna neno lake, agnostiki, lilibuniwa mwaka 1869 na Thomas Henry Huxley, mtaalamu wa viumbe wa Uingereza aliyekuwa akimtetea sana Darwin, yule wa nadharia ya viumbe kubadilika. Alikuwa anakaa na watu kila mmoja ana imani yake au kukana kwake, wote wana hakika, yeye hakuwa nayo, akajitengenezea jina. Maana yake ni kama asiyejua, na yeye alilichukulia kama nidhamu, kwamba usiseme una hakika na kitu ambacho ushahidi wake huna, upande wowote ule. Mtu akifikiri ni uvivu wa kuchagua hajawahi kulala nalo usiku.

Nilitegemea ustadhi ainuke aondoke. Nilipokuwa na miaka kumi na sita niliuliza swali dogo tu kwenye darasa la kipaimara, nikaambiwa nina roho chafu nikatolewa nje, nikakaa kwenye ngazi mpaka mwisho, na mama alipokuja kunichukua akalia njia nzima. Tangu hapo nikajifunza kunyamaza. Lakini ustadhi hakuinuka. Akasema, la adri, yaani sijui, ni neno la wanazuoni, Imamu Malik, mwanachuoni mkubwa wa zamani, alikuwa akiulizwa na mara nyingi akijibu sijui, hakuona haya. Na akasema Imamu Ghazali mwenyewe, mwanachuoni mwingine mkubwa, aliingiwa na shaka ya kila kitu, hata macho yake hakuyaamini, ikamkaa karibu miezi miwili, mpaka Mungu akamtia nuru kifuani. Kwa hivo wewe ndugu yangu uko njiani tu.

Nikamshukuru, na nikamwambia ukweli pia, kwamba shaka ya Ghazali ilikuwa ya miezi miwili na yangu ina miaka ishirini, na ile “sijui” ya Imamu Malik ilihusu masuala ya sheria, haikuhusu kuwepo kwa Mwenyewe. Kwenu hiyo “sijui” ni kituo cha kupumzika, kwangu ndo nyumbani. Akasema, hapo hatukubaliani. Nikasema, kweli hatukubaliani. Akanisogezea sahani ya kashata.

Mwalimu ndo akatoa ile hadithi ambayo mie nilikuwa siijui na nimezaliwa hapahapa. Mwaka 1542 Fransisko Ksaveri, yule mmisionari Mjesuiti, alipita Malindi akielekea India, na alipofika Goa akaandika barua kueleza alichokiona. Anasema Muislamu mmoja mkubwa wa hapa alimuuliza kama kwao Wakristo makanisa yanajaa, kwa sababu hapa Malindi ibada imepoa, misikiti ilikuwa 17 na ni mitatu tu inayosaliwa, tena na watu wachache. Na msomi mwingine akamwambia kwamba kama Mtume hatakuja kuwatembelea ndani ya miaka miwili yeye hataamini tena. Ksaveri kwa upande wake aliwajibu kwamba Mungu hafurahii sala za wasioamini.

Hebu fikiri, mji huuhuu, karibu miaka mia tano nyuma, watu wanalalamika vijana hawasali, na mtu anasema shaka yake waziwazi mbele ya mgeni. Ustadhi akaweka angalizo la haki kabisa, akasema hiyo ni kalamu ya padri, barua ya huyo msomi hatunayo, hatujui alisema nini hasa wala kwa sauti gani. Kweli. Lakini mie nilitoka pale najihisi si mgeni katika mji wangu, kwa mara ya kwanza nadhani.

Kuna mtu lazima angeitaja Shakahola na ilitajwa. Hakuna aliyepaza sauti. Mwaka 2023, msituni karibu na hapa, zaidi ya miili 400 ilifukuliwa, watu walioambiwa wafunge hadi kufa ili wakamuone Yesu, na wengi walikuwa watoto. Kijana wa boda alisema aliwabeba ndugu waliotoka bara kuja kutafuta watu wao hospitalini, na mama mmoja njia nzima alikuwa ameshika picha ya wajukuu. Fundi, ambaye usiku kucha hakuwa amesema neno, akasema, pale hakukuwa na mtu wa kuuliza. Wote tukajua anamaanisha nini. Ndo maana mie nikisikia mtu anasema maswali yanaharibu imani za watu nakasirika na siwezi kuficha. Tulizika watoto wa watu kwa kukosa mtu mmoja wa kuuliza.

Sasa ile nyota niliyoitoa. Wanawake hawakai pale. Hakuna aliyewakataza, hakuna kibao, lakini mabenchi ni mawili na wanaume wameyajaza na mwanamke akisimama anauziwa anaondoka. Dada yangu nilimsimulia mjadala wote huu kwa furaha nikiwa nimefika nyumbani, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, kwa hivo mmekaa masaa matatu kuuliza kama dini inabadilika, na mie siwezi kukaa kwenye benchi. Sikuwa na jibu. Mwaka 2021 Kanisa la Anglikana Kenya lilimsimika Emily Onyango kuwa askofu msaidizi kule Bondo, mwanamke wa kwanza nchini kufika uaskofu katika kanisa hilo, na sisi wa kahawa ya shilingi kumi bado. Nilimpelekea ami hilo neno la dada kama lilivyo. Akafikiri sana. Wiki iliyofuata nikakuta kaongeza benchi la tatu upande wa ukuta, na mkewe anauza pale mbaazi na mahamri, na siku hizi wako kina mama wawili watatu wanakaa na wanachangia, mmoja ni mkali kwa hadithi za Mtume na isnadi, ule mlolongo wa waliozipokea, kuliko ustadhi mwenyewe. Nyota sijairudisha bado, kwa sababu dada hajakubali kuja. Akija na akakaa, nitaandika tena.

Nirudi kwenye ile Alhamisi kidogo. Watu walipoanza kutawanyika fundi aliniuliza swali, na aliuliza kwa upole kama mzazi. Mwanangu, ukifa je? Nani atakusalia? Kuna makaburi ya Waislamu, kuna ya Wakristo, wewe tukupeleke wapi? Katiba ya 2010 kifungu cha 32 kinanipa uhuru wa dhamiri, na kwenye sensa ya 2019 waliosema hawana dini ni zaidi ya watu 700,000 nchi nzima, lakini hayo hayajibu swali la mzee. Nikamwambia sisi Wagiriama twazikana nyumbani, nitazikwa shambani kando ya bibi. Akasema, na dua? Nikasema sijui, mzee wangu, mama akiwa hai atasali rozari na sitamkataza.

Ami alikuwa anazima makaa. Akasema bila kugeuka, kahawa ya matanga naleta mimi.

Mie nilishindwa kusema kitu nikalipa nikaondoka, nikakuta kanirudishia chenji zaidi, kesho yake nikamrudishia.

Kwa wanaotaka kwenda: beba sarafu, M-Pesa anapokea lakini kwa simu ya mjukuu na mjukuu hayupo kila siku. Mwezi wa Ramadhani anafungua baada ya tarawehe na kahawa huwa nzito zaidi. Vaa nguo ndefu kwa sababu ya mbu. Ukiwa mgeni toa salamu kwa wote kwanza, mmojammoja ukiweza, ndo ukae. Na Alhamisi hii mada ni mwezi, kama tufunge kwa mwezi ulioonekana hapa au kwa tangazo la Saudia, kwa hivo nendeni mapema manake hata benchi la tatu litajaa.